Nani Alijenga Piramidi, na Nani Alichimba Mapango ya Mlima Elgon?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi, Misikhu, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



 

Wazee wangu, mama zetu mlioko upande ule, na nyinyi vijana mlioniita. Najua hii ni saa gani. Ni saa ambayo harufu ya uji inatoka jikoni na msemaji akirefusha maneno anatazamwa vibaya. Nitajitahidi. Katibu wa vijana alinitaka nizungumze juu ya elimu na imani. Nikamwambia, mwanangu, mada hiyo ni pana kama mashamba ya miwa ya Nzoia, wacha nikate kipande kimoja tu. Na kipande chenyewe kimeletwa na simu zenu.

Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinivuta kando, pale nje penye viatu, akanionyesha video. Bila shaka wengi wenu mmeiona. Inasema kwamba mwezi Machi mwaka 2025 watafiti wa Kiitaliano walitumia rada ya setilaiti wakagundua chini ya piramidi ya Khafre, kule Giza, nguzo nane kubwa zinazoshuka zaidi ya mita 600 ardhini, na chini yake tena kuna kama mji. Halafu inakuja sauti nzito na muziki wa kutisha: ni nani aliyeweza kazi hii? Ilikuwa mtambo wa umeme? Ilikuwa kituo cha viumbe kutoka sayari nyingine? Kijana akazima simu, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Ustadh, hawa walikuwa majini au kaumu ya Aad?"

Hebu litazameni swali lenyewe. Ameniuliza ni majini au ni Aad. Hakuniuliza kama jambo lenyewe limethibiti.

Nikamjibu kwa ufupi, na nyinyi nawapa jibu lile lile. Tangazo la Waitaliano hao lilitolewa kweli, lakini lilitolewa mbele ya waandishi wa habari kabla ya wataalamu wengine kulipima. Zahi Hawass, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya kale wa Misri, alilikataa waziwazi, na wajuzi wa rada wakaeleza kwamba mawimbi ya aina ile hayapenyi mamia ya mita za mwamba. Basi. Hayo yalituchukua dakika mbili. Lakini niliporudi nyumbani sikulala vizuri, kwa sababu ambayo nitawaambia mbele kidogo. Inanihusu mimi mwenyewe na si kijana yule.

Kwanza sitaki tuanzie Misri. Misri ni mbali na nauli hatuna. Tuanzie pale juu.

Asubuhi kukiwa kweupe, kabla mawingu hayajashuka, kutoka hapa unauona Mlima Elgon, ambao wazee wetu wanauita Masaba. Wengi wenu mmeuona tangu mzaliwe mpaka hamuutazami tena. Sasa, mwaka 1883 alipita huku Mskoti kijana aitwaye Joseph Thomson, ametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Ametoka pwani, amevuka nchi ya Wamasai, amefika Kavirondo, na wakati wa kurudi akapita ubavuni mwa mlima huu. Huko akaonyeshwa mapango. Si vishimo vya nguchiro, ni mapango makubwa, na ndani yake akakuta watu wanaishi, wao na ng'ombe wao na mbuzi wao, wamejikinga na adui na baridi. Thomson akashangaa. Akawauliza wenyeji, nani amechimba? Wakamwambia hii ni kazi ya Mungu.

Jibu hilo halikumridhisha. Alitazama ukubwa wa mapango, akatazama zana za wenyeji, akaona hawa hawawezi. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1885 akaandika kwamba mapango hayo lazima yalichimbwa na taifa lililoendelea zaidi, lililokuja kutafuta mawe ya thamani au madini, na fikra yake ikaenda kwa Wamisri wa kale. Mnaona? Zaidi ya miaka 130 kabla ya video ya simu yenu, mlima wetu ulikuwa umeshapewa Wamisri.

Na ukweli ukoje? Mwamba wa sehemu ile ni majivu ya volkeno yaliyoshikana yakawa jiwe, nalo si jiwe gumu sana, na ndani yake mna chumvi. Maji yanapenya, chumvi inatoka ukutani, mwamba unalegea. Pango mashuhuri kuliko yote, Kitum, limeingia mlimani kiasi cha mita 200. Usiku ndovu huja, mmoja nyuma ya mwingine, na watoto wao, wakaingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga. Wakifika ndani wanachoma ukuta kwa pembe, jiwe linamomonyoka, wanalitafuna kwa ajili ya chumvi. Mwingereza Ian Redmond alikaa na ndovu hao katika miaka ya 1980 akawachunguza, na alama za pembe zimejaa kutani. Watu nao walichokoa humo chumvi ya ng'ombe wao vizazi kwa vizazi. Maji, ndovu na mfugaji, kila mmoja na fungu lake.

Yaani fundi mstaarabu wa Thomson alikuwa na mkonga.

Mnacheka, vizuri. Lakini wale wazee waliomwambia ni kazi ya Mungu walikuwa karibu na ukweli kuliko yeye. Na kosa lake halikuwa upungufu wa akili, maana Thomson alikuwa amesoma jiolojia. Kosa lake lilikuwa neno moja alilolitia moyoni kabla ya kuchunguza: hawa hawawezi. Akishaweka hilo neno, hana budi kutafuta mtu mwingine wa kumpa kazi. Shikeni hapo, sasa tunaweza kwenda Misri.

Piramidi kubwa ya Giza, ya mfalme Khufu, ilikuwa na urefu wa kwenda juu wa mita 146 ilipokuwa mpya. Kila upande wa chini ni mita 230, na inakisiwa ina mawe milioni 2.3. Imepita miaka zaidi ya 4,500. Mtu akisikia hesabu hiyo ana haki ya kushangaa, na mimi nashangaa. Lakini wale wasemao kwamba binadamu hawakuweza wanatuonyesha piramidi hiyo moja tu, iliyokamilika, kama kwamba ilishuka usiku mmoja. Hawatuonyeshi zilizotangulia. Pale Saqqara ipo ya mfalme Djoser, ya ngazi ngazi, ya mwanzo mwanzo. Halafu mfalme Sneferu, baba yake Khufu, alijenga pale Dahshur piramidi ambayo mpaka leo imepinda. Walianza na mwinamo mkali, nyuzi kama 54, walipofika katikati wakaona jengo linaleta matatizo, wakapunguza ikawa kama 43. Ukiitazama kwa mbali ni kama mtu aliyeinamisha mabega. Baada ya hapo mfalme huyo huyo akajenga nyingine, safari hii kwa mwinamo wa taratibu tangu chini. Kisha ndipo akaja mwanawe na ile kubwa.

Fundi yeyote hapa, na nawaona mafundi wawili pale nguzoni, anajua maana yake. Huyo ni mtu anayejifunza kazi. Kiumbe aliyevuka nyota hadi kutufikia hakosei pembe katikati ya ujenzi.

Mwaka 1990, karibu na piramidi, farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo uliofunikwa na mchanga. Walipofukua wakakuta makaburi ya wafanyakazi. Mifupa ya migongo imechoka kwa kubeba, mikono mingine ilivunjika ikaungwa vizuri ikapona. Jirani na hapo Mmarekani Mark Lehner na wenzake wamefukua mji wa wafanyakazi, na mahali pa kuokea mikate, na mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa kwa wingi. Watu waliozikwa kwa heshima kando ya kaburi la mfalme wao na waliotibiwa wakivunjika si watu waliotupwa kama mizoga. Ile picha ya filamu, ya maelfu ya watumwa na viboko, haikupata nguvu kutoka mchangani.

Lakini kinachonipendeza mimi kuliko vyote ni daftari. Naam, daftari. Mwaka 2013, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu mahali panapoitwa Wadi al-Jarf, Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walipata karatasi za mafunjo, miongoni mwa maandishi ya mafunjo ya zamani zaidi yaliyopata kuonekana. Ni za mnyapara mmoja jina lake Merer, wa zama za Khufu mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe ya chokaa kutoka Tura, ng'ambo ya mto, na kuyapeleka Giza kwa mashua. Ameandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe, leo tumelala njiani, leo tumefika. Ameandika pia chakula walichopokea. Hakuna siri humo, hakuna nyota. Ni kama daftari la dereva wa lori la miwa, la safari ngapi amekwenda na kupima mzigo wapi. Na mkubwa wao anatajwa, Ankhhaf, ndugu wa mfalme kwa baba.

Sasa nyinyi mliosoma elimu ya hadithi, niambieni. Habari ikitujia tunauliza nini? Nani amesimulia? Alikuwepo? Amepokea kwa nani? Huyu Merer alikuwepo. Mawe aliyabeba. Mwenye video ya simu hakuwepo, na ukimuuliza amepokea kwa nani atakuambia "inasemekana". Sisi ni umma uliowafundisha watu kuuliza isnadi, halafu tunapokea video isiyokuwa hata na jina la mwenyewe!

Kazi yake je? Zilikuwa makaburi. Mwenye umeme, mwenye nyota na mwenye ghala wote wana nadharia zao. Daktari Ben Carson, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alisema katika hotuba ya mwaka 1998 kwamba anaamini Nabii Yusuf (A.S.) ndiye aliyezijenga ziwe ghala za nafaka. Fikra hiyo ni ya kale, Wakristo wa Ulaya walikuwa nayo karne nyingi nyuma. Lakini piramidi ni jiwe tupu karibu yote, vyumba vyake ni vidogo mno ukilinganisha na mwili. Nani hapa akitaka kuhifadhi mahindi ya miaka saba atajenga kilima cha mawe na kuacha nafasi ya magunia machache?

Na kwa upande wetu

Isidhaniwe ninawacheka wengine. Sisi Waislamu tumezizunguka piramidi hizi tangu zamani na tuna hadithi zetu. Khalifa al-Maamun alifika Misri mwaka 832, na inasimuliwa kuwa yeye ndiye aliyeamuru kutobolewa tundu ambalo watalii huingilia mpaka leo. Katika vitabu vya wanahistoria wa Misri, kama al-Maqrizi aliyefariki mwaka 1442, mna kisa cha mfalme Surid aliyeota kuwa gharika inakuja, akajenga piramidi ili azihifadhi ndani yake elimu zote. Ni kisa kizuri. Wanaosema leo kwamba piramidi zimeficha elimu ya kabla ya gharika wanadhani wamegundua jambo, kumbe wanarudia simulizi ya mitaa ya Cairo ya miaka mingi.

Lakini pia tulikuwa na watu waliopima. Mwaka 1196 al-Malik al-Aziz, mwana wa Salahuddin, alishawishiwa aivunje piramidi ndogo ya Menkaure. Wakaenda mafundi na wachimba migodi wakapiga kambi. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekuwa Misri nyakati hizo, ameandika habari zao. Miezi minane wamefanya kazi, wakipindua jiwe moja au mawili kwa siku, kisha wakaacha wamechoka na pesa zimekwisha. Kovu linaonekana mpaka leo. Abdul-Latif alikwenda mwenyewe akatazama, akauliza wafanyakazi. Huyo ndiye mwanachuoni ninayempenda, aliyechafua viatu.

Watu wengine hunijia na Fir'aun. Ustadh, si Qur'an imesema Fir'aun alimwamuru Haman amjengee? Ndiyo, katika Surat al-Qasas. Lakini someni vizuri, anaamuru udongo uchomwe moto. Hayo ni matofali, ni mnara wa kiburi, na piramidi za Giza ni za mawe. Tena kwa hesabu za kawaida za wanahistoria piramidi zile zilikuwa zimesimama zaidi ya miaka elfu moja Musa (A.S.) alipozaliwa. Alizikuta, kama nyinyi mlivyoukuta Mlima Elgon. Na majini waliomjengea Sulayman (A.S.) walimjengea Sulayman, ambaye alikuja baadaye zaidi. Tusiwape kandarasi nyingine ambayo Qur'an haikuwapa.

Sasa nafika kwenye lile lililoninyima usingizi.

Ramadhan ya mwaka 2004 nilikuwa mwalimu kijana. Nilikwenda saiba mjini, nikafungua barua pepe, nikakuta rafiki amenitumia picha. Mifupa ya binadamu mkubwa ajabu imelala shimoni, na mfukuaji amesimama kando ya fuvu, mdogo kama sisimizi. Maneno chini yake yalisema kampuni ya mafuta ya Saudia imeipata katika jangwa la Rub al-Khali, kwamba ni kaumu ya Aad, na kwamba serikali imefunga eneo lile. Kuna wazee hapa wanaikumbuka, nawaona wanatabasamu. Nililipa ichapishwe kwa rangi, na siku zile chapa ya rangi ilikuwa ghali. Nikaileta kwenye darsa kabla ya futari, saa kama hii. Nikasema, Waislamu, huu hapa ushahidi wa Qur'an. Nikaongeza, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba hao ndio waliojenga piramidi. Hilo hata barua pepe haikulisema. Nililitia mimi kwa utamu wa mazungumzo. Watu walisema Allahu Akbar.

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwepesi wa akili, wa kidato cha tatu. Aliniomba nakala akaibandika kwenye daftari lake. Akaipeleka shuleni, akajadiliana nayo na wenzake Wakristo, akaapa kuwa ni kweli kwa sababu mwalimu wake amesema.

Picha ile ilitengenezwa mwaka 2002 na mchoraji mmoja wa Kanada kwa kompyuta, katika mashindano ya kuhariri picha. Alichukua picha ya watu waliokuwa wakifukua mifupa ya mnyama wa kale jamii ya ndovu, kule Hyde Park katika jimbo la New York mwaka 2000, akapachika mifupa ya mtu. Wala hakuwa na nia ya kudanganya. Jarida la National Geographic lilieleza yote mwaka 2007. Kijana wangu wakati huo yuko chuo, akaona maelezo hayo. Akanijia likizo. Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Alisema, "Ustadh, hili ulituambia bila kuhakikisha. Na yale mengine uliyotufundisha, uliyahakikisha?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nilidanganywa na mimi. Akasema, ndiyo, lakini wao walikudanganya kwa barua pepe, wewe ulituambia msikitini.

Yuko Eldoret siku hizi, ana familia. Sikukuu tunapigiana simu, ananiita ustadh kwa adabu. Hajakaa katika darsa yangu tena. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba mtu kusimulia kila alichosikia kunamtosha kuwa mwongo. Hadithi hiyo niliifundisha mwezi ule ule, wallahi, pengine wiki ile ile.

Na linalouma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa kabatini mwetu. Ibn Khaldun, aliyefariki Cairo mwaka 1406 akiwa kadhi wa madhehebu ya Maliki, ameliandika katika Muqaddimah. Anasema watu wakiona majengo makubwa ya kale hudhani waliojenga walikuwa na miili mikubwa kama majengo, na wasimulizi wa visa wakatia chumvi juu ya Aad na Thamud. Yeye anasema sivyo. Majengo makubwa yanatoka kwa dola yenye nguvu, watu wengi waliokusanywa wakapangwa, na vyombo vya kunyanyulia. Ushahidi wake? Nyumba za Thamud zilizochongwa majabalini zipo, na milango yake ni ya kimo cha kawaida. Mlango tu! Jitu la kwenye picha yangu lingeingiaje? Qur'an imetaja Aad na nguvu walizopewa, na hilo tunaliamini kama lilivyokuja. Imewataja kule Ahqaf kwenye mchanga, wala haikusema walikwenda Giza. Aliyewapeleka Giza ni mimi, hapa hapa.

Babu zetu na Misri

Limebaki moja, na hili naliingia kwa adabu kwa sababu mzee wangu mmoja ameketi pale mbele. Sisi Wabukusu tumesimuliwa na babu zetu kwamba tulitoka Misri. Simulizi hiyo ni mali yetu na siwezi kuitupa. Wengine wanasema Misri hiyo si Misri ya Cairo, ni jina la mbali la mahali pa mwanzo. Lakini lugha yetu inasema jambo lake pia. Lubukusu ni ndugu wa Lumasaaba wa upande wa Uganda, na ni mmoja wa ukoo mkubwa wa lugha za Kibantu ambao wanaisimu wameufuatilia mpaka mipaka ya Kameruni na Nigeria. Haukutoka mto Nile wa mafirauni.

Siku hizi vijana wameiongezea simulizi hiyo mkia: kama tulitoka Misri, basi sisi ndio tuliojenga piramidi. Najua kwa nini wanapenda. Mtu aliyeambiwa miaka mingi kuwa babu zake hawakujenga kitu anatafuta jengo kubwa kuliko yote ajiegemeze. Lakini angalieni, kwa kufanya hivyo tunamvua Mmisri kazi yake kama Thomson alivyowavua wenyeji wa mlima. Na isitoshe, tunawapita babu zetu wenyewe tukienda kutafuta wengine.

Maana majengo yapo. Wenye miguu mizuri pandeni Chetambe, pale juu ya Webuye. Kuna ngome iliyozungushiwa handaki, na mpaka leo mstari wake unaonekana kwenye nyasi. Nani alichimba? Wazee wa Kitachoni na wa Kibukusu watawatajia majina, na watabishana pia. Mwaka 1895 ndani ya ngome hiyo watu wetu walisimama mbele ya bunduki za jeshi la Hobley, na wengi walikufa. Waliochimba walikuwa na majembe, na makalio yao yalichoka kama yenu yanavyochoka shambani. Hakuna aliyewatengenezea video yenye muziki. Hakuna hata aliyewahi kusema ni viumbe wa sayari nyingine, sijui ni heshima au ni kusahauliwa.

Nimeulizwa na binti mmoja kwa karatasi: "Ustadh, kwa hivyo tusizitazame hizo video?" Binti yangu, tazama. Mimi mwenyewe ninazitazama, nyingine zinafurahisha. Ila kabla ya kumpelekea mwenzako bonyeza kidogo, uliza nani anasema, na amejuaje. Ukikosa jibu, iache ikae kwako.

Wengine wameuliza kama tutakwenda Kitum. Mapango yamo ndani ya hifadhi ya taifa, tunaingilia lango la Chorlim upande wa Endebess, na lazima tuwe na askari wa wanyamapori. Na tusifanye mzaha na popo wa mle. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987 watu waliotembelea pango hilo walipatwa na homa ya Marburg wakafa. Kwa hiyo hiyo tutaiacha kwa wakati mwingine, tukishauriana na wenyewe.

Lakini Chetambe hakuna kiingilio. Nimekubaliana na katibu, Jumamosi ya pili baada ya Idd, insha-Allah, tunaondoka hapa saa mbili asubuhi. Wanaofunga sita za Shawwal wasijilazimishe kubeba mizigo. Kila mmoja aje na daftari na kalamu, na kila kundi lije na mzee mmoja wa kuulizwa, mwenye kujua alisikia kwa nani. Tutapima handaki urefu na upana, tuandike. Kamba ya kupimia nitaleta mimi.

Naona tende zimeanza kupitishwa.